Karte Sita na Ndagala wa Mama Mukwe

Nilikaa miezi mingi bila kumwambia muntu habari hii, na hata leo nikipita pale ufukoni wanapoanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ninageuza kichwa kama vile kuna kitu natafuta ng'ambo ya barabara, lakini kwa kuwa nusu ya Kalemie inaijua tayari, na kila mumoja anaongeza chumvi yake, afadhali muisikie kwangu mimi niliyeaibika.

Mnajua kazi yangu ni kutengeneza ordinateri, yaani kompyuta, pale kwenye kibanda cha njia ya bandarini. Mwaka ule mteja mumoja wa kutoka Kigoma alinionyesha kwenye simu yake mashine zinazochimba sarafu za mtandaoni, yaani mashine inapiga hesabu bila kupumzika, na ikifanya kazi yake vizuri inalipwa sarafu ambazo huwezi kuzishika mkononi. Kinachopiga hizo hesabu ni karte grafiki, kile kipande kinacholeta picha kwenye ordinateri. Moja haitoshi. Basi nikaanza kuzikusanya, moja moja, zilizokwisha kutumika, zinavuka ziwa kwa boti zikiwa zimefungwa ndani ya vitenge kama watoto wachanga, mpaka zikafika sita. Seremala akanitengenezea fremu ya mbao, nikazipanga juu yake kama sahani kabatini, nikaunganisha waya (siku nne nzima, na mara mbili umeme ukanirusha), nikaiweka katika kachumba ka nyuma ya jiko. Nilipowasha, feni zote zikazunguka kwa pamoja, na baada ya saa moja mule ndani mulikuwa na joto kama kwa muoka mikate. Nilisimama mbele yake nikitabasamu peke yangu.

Muke wangu, Mama Merveille, nilimweleza yote. Akasikiliza, akasema, "Sawa. Lakini mama akija, utamwelezea weye mwenyewe."

Na mama yake akaja. Mama Véronique, kutoka Mpala, akakuja kutusalimia katikati ya masika, wakati ule mvua inanyesha siku tatu bila kukata na akina mama wote wa ndagala wanalia, kwa sababu bila jua samaki wanaoza ndani ya beseni na kazi yote ya wavuvi inatupwa. Sasa mjue, mimi na mama mukwe hatuzungumzi kama mimi na nyinyi. Kwetu unamusalimia kwa heshima, macho chini, anauliza, unajibu kwa ufupi, unapita. Siku ya pili akafungua mlango wa kale kachumba, akasimama, joto likamupiga usoni.

"Mukwe," akaniita, "hii mashine yenye joto hivi, njo ya kukausha samaki?"

Ningesema hapana. Lakini hapana ingeleta "basi njo ya nini?", na hiyo ingeniingiza katika kumweleza mama wa muke wangu habari za sarafu zisizoonekana, nikiwa nimeinamisha macho, kwa dakika arobaini. Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Hilo tu. Neno moja.

Kesho yake nikakuta amefunga kipande cha chandarua juu ya fremu, ametandaza ndagala wa kujaza sahani mbili, na (hii ndiyo iliyonimaliza) walikuwa wamekauka! Wamekauka vizuri kabisa, weupe, wanavunjika. Mama Merveille akaniangalia, mimi nikaangalia dari. Nikajisemea, ni sahani mbili tu, atarudi Mpala, mambo yataisha.

Kumbe alikuwa ameenda ufukoni na mufano mkononi, ndagala wachache wa zile sahani. Aliwaambia akina mama kwamba mukwe wake, kwa akili yake mwenyewe, ameunda mashine ya kukausha ndagala wakati wa mvua. Yule mama alinisifu jamani! Nilianza kusalimiwa njiani na watu nisiowajua. Mama mumoja sokoni alikataa kunipokea pesa ya nyanya, "Hapana Papa Merveille, wewe unatusaidia." Nikazichukua zile nyanya. Ndiyo, nilizichukua, sitaficha, na hata nikaanza kutembea polepole kidogo, kama muntu muzito.

Jumamosi asubuhi wakaja. Akina mama kumi na wawili wa shirika lao, beseni tano za ndagala wabichi zimeshaanza kunuka kidogo, mbele yao kiongozi wao wanayemwita Mama Presida, na nyuma yao shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu, akiwa amevaa koti, kwa sababu alisikia kuna maendeleo katika kartie yake na yeye hajaarifiwa. Mama Véronique akawapokea mlangoni akiwa na kitenge kipya. Nilimuvuta muke wangu pembeni.

"Mwambie mama yako ukweli."

"Mimi?" akasema. "Nani alisema ndiyo?"

Wakaingia wote walioweza kuingia, wengine wakachungulia. Mama Véronique akaamuru dirisha lifungwe ili joto lisitoke, na mimi ninayejua kwamba hizo karte zinahitaji hewa kuliko sisi, nikafunga dirisha kwa mikono yangu. Wakatandaza chandarua kikubwa, wakamwaga beseni nzima, samaki bado wanachuruzika. Kisha Mama Presida akasema tusianze bila kumukabizi Mungu hii mashine.

Sala ilikuwa ndefu. Alianza na wavuvi, akaja kwa wajane, akaja kwa shefu, na mimi nilikuwa nimefumba jicho moja tu, kwa sababu lile lingine lilikuwa linaona chandarua kinashuka katikati kwa uzito, kinashuka, tone la kwanza likaanguka kando ya karte ya tatu, tone la pili likaanguka kwenye mbao. Nani anakatiza sala? Nikajaribu kusogea, mama mumoja akanishika mkono akidhani nimeguswa na Roho. Mama Presida alikuwa amefika kwa watoto wa mukwe huyu ambao hawajazaliwa bado, pale chandarua kilipokatika.

Paa! Cheche, moshi mweusi, harufu ya plastiki na samaki, feni moja ikaendelea kuzunguka ikiturushia vipande vya ndagala nyusoni, shefu akapata wake kwenye koti, akina mama wakatoka mlangoni wote mara moja. Umeme wa nyumba ukakatika. Nikabaki peke yangu mule ndani na sala isiyo na Amina.

Nilipotoka, nilikuta wote wamesimama uwanjani chini ya manyunyu wakiningojea.

"Papa Merveille," shefu akasema akijifuta, "hii mashine njo ya kazi gani hasa?"

Sikuwa na nguvu ya kuongeza uongo mwingine. "Shefu, ni ya kuchimba."

"Kuchimba? Unachimba ndani ya kartie yangu? Chini ya nyumba?"

"Hapana, Shefu, ni..."

"Uko na karte ya mchimbaji, ile ya ruhusa ya Serikali?"

"Zilikuwa sita, Shefu. Sasa sijui."

Hakuna aliyecheka siku ile, walianza kucheka baadaye. Nilieleza yote, sarafu, hesabu, karte, mbele ya watu kumi na wanne na majirani waliopanda juu ya ukuta. Nilipomaliza, Mama Véronique hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya chini, "Mukwe, mimi nilikuuliza tu. Ungeniambia." Halafu akawageukia wenzake, "Mufano niliuleta mimi. Aibu ni yangu." Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze, kwa sababu haikuwa yake hata kidogo.

Na beseni nne bado zilikuwa pale, zinazidi kunuka. Mama Presida ndiye aliyesema tuwakaushe kwa moshi, hata kama ndagala wa moshi hawapendwi sana. Basi tukafunga turubai uwanjani, nikavunja ile fremu iwe kuni za kwanza kavu, nikaenda kutafuta nyingine, nikapuliza moto mpaka jioni, macho yamevimba, wateja wangu wanapita njiani wanauliza, "Fundi, leo unatengeneza nini?" Samaki wengi walipona. Karte iliyopona ni moja.

Siku Mama Véronique aliporudi Mpala, nilimubebea mizigo mpaka kwenye boti. Tulisimama kungoja, na kwa mara ya kwanza nikamweleza mwenyewe, taratibu, mashine ile ilikuwa inafanya nini. Alisikiliza mpaka mwisho, dakika kama kumi tu.

"Nimeelewa," akasema. "Haikuwa vigumu."

Tangu siku ile, muntu akinisifu kwa kitu ambacho sikukifanya, ninamukatiza palepale, hata kama ni mama mukwe, hata kama yuko katikati ya sala. Na nyanya za bure sizigusi tena.