Chungu cha Udongo Kilichopandishwa Juu Diani

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya goti la shangazi yangu, Mwanasiti. Yeye ndiye mfinyanzi, mimi hujifunza kwake. Mwezi uliotangulia alikuja mama mmoja wa Diani, Bi Rukia, akatuomba vyungu vya maonyesho, viwekwe pamoja na kazi za wasanii wa michoro ya kuchapwa na mafundi wa hereni na mikufu. Shangazi alikubali. Siku ilipofika goti lilikuwa limevimba, hawezi kupanda gari, akaniambia niende mimi. Nilitaka kukataa lakini sikujua nianzeje.

Nilitakiwa kupeleka vyungu sita vipya, kisha niketi nifinyange mbele ya watu. Vitano vilikuwa vya Shangazi. Kimoja kilikuwa changu, cha kwanza yeye kukiruhusu kitoke nyumbani. Udongo wa kufinyangia tuliutia katika chungu chetu kikuukuu, ambacho kilipasuka motoni kabla sijazaliwa. Kina ufa kutoka mdomoni hadi tumboni, na tangu hapo huwekewa udongo mbichi tu, kikafunikwa gunia lililoloweshwa.

"Kumbuka," Shangazi aliniambia mlangoni. "Mwenye chungu hasemi. Mwache mnunuzi agonge. Chungu kitajisemea."

Kwetu ndivyo tunavyouza. Mnunuzi hugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Chungu kizima hulia kama kengele ndogo, na chenye ufa hutoa sauti butu. Mfinyanzi akikisifu chungu chake kabla hakijagongwa, watu humwachia mwenyewe. Desturi hii mimi naipenda, maana kusema mbele ya watu kunanishinda.

Msambweni, Ijumaa saa mbili asubuhi. Jirani yetu Bakari alikuwa akipeleka nazi Ukunda kwa pikapu yake. Nilipanda nyuma, juu ya nazi, chungu cha udongo kando yangu na katoni ya vyungu sita katikati ya miguu, vimezungushiwa nyasi kavu.

Gazi. Bakari hana habari na matuta ya barabarani. Tuta la pili lilinirusha, na katoni ikaruka nami. Nilitia mkono ndani, nikapapasa kimoja kimoja. Vyote vilionekana vizima. Sikugonga hata kimoja. Labda niliogopa jibu.

Diani, kabla ya adhuhuri. Nilishuka Ukunda nikachukua tuktuk hadi kwa Bi Rukia, nyumba yenye ukumbi mrefu mweupe. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza Shangazi yuko wapi. Nikamweleza habari ya goti. Akasema niache kila kitu hapo, wao watapanga.

Nililala Ukunda kwa Mama Mutheu, mmoja wa mafundi wa maonyesho, mwenyeji wa Machakos ambaye ameishi huku miaka mingi akitengeneza hereni za shaba na pembe za ng'ombe. Aliniuliza maswali mengi nikawa najibu kwa kutikisa kichwa.

"Wewe unaongea na kichwa tu," akasema. "Na kesho wageni wakikuuliza, utawatikisia hivyo hivyo?"

Nikatikisa kichwa. Akacheka mpaka akaweka koleo chini.

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Tuliingia ukumbini. Ukutani palikuwa na michoro iliyochapwa kwa mbao za kuchonga, kaa wa mikokoni mweusi mkubwa kuliko mlango. Hereni na mikufu ilikuwa ndani ya makabati ya vioo. Vyungu vyetu sita vilikuwa kwenye meza fupi karibu na mlango. Na katikati ya ukumbi, juu ya kijukwaa cheupe, taa ikikimulika peke yake, palikuwa na chungu chetu kikuukuu cha udongo.

Udongo wenyewe walikuwa wameumimina kwenye ndoo ya plastiki. Kijukwaa kilizungushiwa kamba. Kulikuwa na kadi yenye jina la Shangazi, na chini yake maneno: Tafadhali usiguse.

Nilidhani macho yananidanganya. Nilimnong'oneza Mama Mutheu kwamba kile ni chombo cha kuwekea udongo tu, tena kimepasuka.

"Basi leo kimepandishwa cheo," akasema. "Mwambie Bi Rukia."

Mara mbili nilikwenda nikasimama nyuma ya Bi Rukia. Mara mbili alikuwa akizungumza na wageni, nikarudi kwenye mkeka wangu. Nikaanza kukanda udongo huku nikijituliza kwamba atatokea mtu akigonge, nacho kitajisemea.

Hakutokea. Watu waliingia, wakainamisha vichwa, mikono nyuma, wakapiga picha, wakapita. Sikuelewa. Watajuaje kitu kwa kukitazama?

Saa nane mchana. Bwana mmoja mwenye hoteli alimwambia Bi Rukia kwamba anakitaka kile cha katikati, akiweke mapokezi. Bi Rukia akatoa alama nyekundu ya kubandika kwenye kadi, ishara kwamba kimeuzwa. Hapo nikaacha kukanda. Chungu kingeondoka kimya kimya na jina la Shangazi juu yake. Hoteli zile zimejaa wafanyakazi wa Msambweni. Wangekiona, na jioni ile ile habari ingefika nyumbani kwamba Mwanasiti siku hizi anauzia watu vyungu vyenye ufa.

Niliinuka na matope mikononi, nikapita chini ya kamba, nikakigonga mara tatu. Kilitoa sauti butu. Wageni wakageuka kunitazama.

"Kimepasuka," nikasema. "Hiki ni cha kuwekea udongo. Shangazi hakukileta kiuzwe."

Bwana yule hakukasirika. "Ufa nauona, binti," akasema. "Ndio ninaoupenda."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, si kwa hilo. Bi Rukia, uso umemwiva, akaniambia nimpigie Shangazi. Nilimweleza kwa simu, maneno yakigongana.

"Mnunuzi amekigonga?" akauliza.

"Nimekigonga mimi."

"Sikukuuliza wewe. Akigonge yeye. Akisikia kwa sikio lake na bado akakitaka, kiende, aibu si yetu tena. Lakini mwambie hakipiki."

Bwana akakigonga, akainamisha sikio. Akakigonga tena. Akasema bado anakitaka. Bi Rukia akaitoa ile kadi ya usiguse, na watu wakaanza kugonga vyungu vyote kama watoto, ukumbi ukawa unalia. Mama Mutheu aligonga kwa pete yake, nikamwambia atumie kidole. Akanitazama, akasema, "Kumbe mdomo unao."

Kisha mama mmoja wa kijiji cha Mwabungo, mwenye leso, akakigonga chungu changu. Sauti ikatoka butu. Akarudia. Alikirudisha mezani taratibu, akachukua cha Shangazi kilichokuwa kando. Nilikigeuza. Chini kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikakumbuka lile tuta la Gazi.

Jumapili, nyumbani. Nilimkuta Shangazi ameweka mguu juu ya kibao. Nilimsimulia yote, mpaka akashangaa urefu wa habari yangu. Akaomba chungu changu. Akakigonga, akasikiliza, nami nikangoja.

Hakunikemea. Aliuliza udongo uko wapi, nikamwonyesha ndoo ya plastiki. Akaanza kuuhamisha donge kwa donge, akaujaza katika chungu changu, akakifunika gunia.

"Sasa hiki ndicho cha udongo," akasema.

Mpaka leo sijui kama chungu changu kilishushwa au kilipandishwa. Kila asubuhi natia mkono humo nachota udongo wa kazi, na kidole changu hupita juu ya ule ufa. Nimejua kwamba mahali watu wasipogonga, mwenye chungu hana budi kusema. Na siku nyingine nikipita Gazi nitagonga pale pale juu ya nazi, hata nikiliogopa jibu.