Nchi ya Joto Haitaki Thamostati

Kwa umri huu na kwa nilikotoka, nilishajua hakuna kitu kitakachonishangaza. Niliingia Kariakoo na darasa la saba na ndala zisizofanana, nikabeba mizigo kichwani, nikauza soksi juani, na leo nina duka la spea mtaa wa Gerezani, milango mitatu, na hakuna aliyenishika mkono. Mtu atasema najisifu. Najisifu, ndiyo, lakini nimechoka pia. Miaka ishirini na sita nafungua saa moja asubuhi. Nikiinama kwenye kufuli, magoti yanalia kabla ya bawaba.

Uchovu huo ndio ulionifanya ninunue gari la kulala. Mtumba kutoka Japani: ndani kuna kitanda, sinki dogo, jiko, na kiyoyozi kinachotumia betri yake ya pembeni hata injini ikiwa imezimwa. Nikamwambia mke wangu tutaenda nalo kwao Newala, wawili tu, tunalala tunapopapenda. Alikuwa hajakanyaga kwao miaka tisa, na sababu ni mimi. Kila mwaka duka haliachiki.

Alipanda, akabonyeza godoro.

"Baba watoto, na hili joto langu la umri, humu ndani sitaiva?"

Joto lilikuwa linampanda ghafla, anatupa kanga, dakika mbili baadaye anaitafuta.

"Kuna kiyoyozi, mama."

"Haya, tujaribu Jumapili. Kikinishinda nakata tiketi ya basi, wewe utanikuta huko. Duka likikuruhusu."

Shida ilikuwa thamostati ya kile kiyoyozi, kile kidude cha ukutani kinachokiamuru kiwake au kizime. Kilikuwa cha kizamani, cha kuzungusha, kinafanya kinavyotaka. Fundi wa viyoyozi, jirani yangu pale Gerezani, akakitazama.

"Bosi, weka ya kisasa, ile ya kioo. Unachagua baridi unayotaka. Ufundi elfu thelathini tu."

"Elfu thelathini kwa nyaya mbili? Unaniona nimeshuka stendi leo asubuhi?"

"Haya bosi. Mji wako."

Hapa lazima nieleze kitu. Sisi watu wa spea tuna kauli yetu. Gari likija linachemsha, cha kwanza kung'olewa ni thamostati ya injini, ile inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Tunaitupa. Mteja tunamwambia, "Hiyo ni ya kule kwenye theluji, mkubwa. Nchi ya joto haitaki thamostati." Nimewaambia watu hivyo mpaka nimesahau idadi, na wote waliondoka wameridhika. Basi nikafanya vilevile. Nikang'oa kile kidude, nikaunga nyaya moja kwa moja, nikazungusha utepe mweusi. Dakika kumi. Nikajipongeza kwa soda.

Jumapili mchana tukajilaza humo, gari likiwa uani nyuma ya duka. Nje bati lilikuwa linalia kwa jua. Ndani, ubaridi mtamu. Mke wangu akatabasamu, akasinzia. Nami nikasinzia, usingizi ambao sijaupata tangu sijui lini. Kiwiko ndicho kilichoniamsha.

"Wewe! Tunaenda Newala au kwenye baridi ya Makete?"

Alikuwa amejiviringisha kanga mbili na taulo.

"Nizime?"

"Unauliza?"

Nikapapasa ukuta. Cha kuzimia ndicho nilichokuwa nimeking'oa. Nikawa nahangaika na utepe wangu, kucha hazishiki, na juu kiyoyozi kimejaa barafu kama deli la muuza aiskrimu. Kikakoroma, betri ikakata roho. Ile barafu haikukawia kuyeyuka. Maji yakamwagika kitandani, upande wake, kwenye nywele alizosuka jana yake.

Alikaa, maji yanamtiririka shingoni, akanitazama.

"Na wewe, thamostati ya kwako alikung'olea nani? Ukishawaka umewaka, hata watu wagande."

Akashuka. "Jumatano nakata tiketi."

Nilibaki kwenye godoro bichi, nikashangaa jinsi tiketi ya basi inavyoweza kumuuma mtu mzima.

Jumatatu nikanunua betri, laki tatu na themanini, maana ile ya Japani haikufufuka. Godoro lilishaanza kunuka, jipya laki moja na arobaini na tano. Kariakoo nikapata thamostati ya kioo kwa elfu tisini na tano, waya na fyuzi elfu sita na mia tano. Ndani ya boksi kulikuwa na karatasi: upande mmoja Kichina, upande wa pili Kiingereza. Nikaigeuza. Nikaigeuza tena. Spea mimi naijua kwa umbo, nikiishika tu nakwambia ya gari gani. Karatasi haina umbo.

Jumanne nikapanda ngazi hadi kwetu, ghorofa ya tatu Mchafukoge. Alikuwa anachambua mchele.

"Mama watoto, nisomee."

Neno hilo sikuwahi kumwambia tangu nimuoe, na yeye kamaliza kidato cha nne. Barua za mzigo nilikuwa nampa karani. Akafuta mikono. Hakucheka. Afadhali angecheka.

Uani akakaa kwenye kipandio cha gari na karatasi yake.

"Kwanza toa waya wa betri. Umetoa?"

"Nimetoa."

"Sijakuona ukitoa."

Nikatoa.

"Usikifunge panapopigwa na upepo wa kiyoyozi."

"Nimeshatoboa hapo."

"Ziba. Toboa kwingine."

Nikaziba, nikatoboa kwingine, nikaunga alivyosoma. Akaweka nyuzi ishirini na sita, akajilaza juu ya godoro jipya na nailoni yake. Kiyoyozi kikapuliza, kikazima chenyewe. Tukasubiri. Nilikuwa nimechoka hadi mifupani, nimeegemea mlango. Kikawaka tena chenyewe.

"Na hiyo tiketi ya kesho?" nikauliza.

"Duka?"

"Litafungwa."

"Siku ngapi?"

"Kumi."

"Sema kumi na nne."

"Kumi na nne."

"Tunaondoka Ijumaa. Yule fundi wako alitaka ngapi?"

"Elfu thelathini."

Akanyoosha kiganja bila kufumbua macho. "Hakuna kupunguza, bosi."

Nikamhesabia. Pamoja na hizo, nyaya zangu mbili zimenigharimu shilingi laki sita, elfu hamsini na sita na mia tano.