Mgeni kutoka Liga

Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Nyegezi, na tangu Ijumaa sina uso wa kuwatazama watu.

Mkuu wetu wa shule ni Msukuma asiyeiweza herufi R. Husema "balabala" na "lafiki", nami humcheka kila siku. Basi akaniita: "Mwalimu, Ijumaa tunapokea mgeni kutoka Liga. Andaa wanafunzi."

Safari hii, mjinga mimi, nikamsikia kama alivyotamka. Liga! Ligi ya mpira ya Wahispania! Nikampigia simu mama yake Deusi, mshambuliaji wetu: "Mama, mwanao anaondoka." Akavuka na kivuko kutoka Nansio, na begi la nguo mpya za mwanawe na dagaa wa safari.

Ijumaa akashuka kwenye gari bibi mwenye mvi, ameleta vitabu vya maktaba. Mwalimu wa Kiingereza akamtafsiria: "Anatoka Riga, mji mkuu wenye bandari, kaskazini mwa Ulaya. Wengine husema jina hilo maana yake ni ghala, wengine kona."

Kusikia kona, nikapumua. Angalau mpira umeanza.

"Kona ya mto," akamalizia.

Mkuu akaitazama timu nzima, imejipanga na jezi na njumu. "Mwalimu, hawa wanacheza na nani?"

Mama Deusi, bado amelikumbatia begi, akaninong'oneza: "Mwalimu, huko ghalani mwanangu atacheza namba ngapi?"