Jina Nililolifuta Mazingara

Siku ya kwanza kuripoti kazini, pale Korogwe, nilikabidhiwa filimbi, saa ya kubonyeza, kamba ndefu ya katani na debe la chokaa. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na mimi nilikuwa na suruali moja tu ya heshima. Bwana Maendeleo, mkuu wangu wa kwanza, alinitazama juu mpaka chini akauliza, "Kijana, unajua kupiga mstari?" Nikasema najua. Nikapiga mstari wa uwanja mzima ukapinda kama njia ya mlevi. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniambia nifute nianze upya, maana anayekimbia kwenye njia iliyopinda ameonewa kabla hajaanza.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya Bwana Michezo. Ninyi vijana mnaopima mbio kwa simu hamjui taabu yake. Ofisi haikuwa na futi ndefu ya kupimia, kwa hiyo kamba tuliifunga mafundo, kila hatua kadhaa fundo moja, tukauzunguka uwanja nayo. Kulikuwa na mchujo kwanza, ndizo mbio za kuwapunguza watu, halafu fainali. Mwishoni tulinyoosha uzi wa sufu kati ya miti miwili. Anayeukata kwa kifua ndiye mshindi; mkono hauhesabiki, kichwa hakihesabiki. Mwamuzi wa mwisho anasimama kando ya uzi, hapepesi macho, halafu anaandika jina kwenye daftari la matokeo. Nilipenda sana kuwa mwamuzi wa mwisho. Nilikuwa na majivuno, nisiwadanganye.

Vijiji vya ujamaa vilipopamba moto nilihamishiwa Handeni. Huko bosi wangu alikuwa Katibu wa Kamati ya Mashindano, mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, sauti ya upole. Tulikuwa tunatafuta wakimbiaji wa kwenda Tanga kwenye michezo ya mkoa, na mbio ndefu tulizifanyia mchujo Mazingara. Watu walijaa. Wengi walimshangilia Hamisi, kijana wa Kizigua wa kijiji cha pale pale, mkulima wa mahindi, miguu mizuri kabisa.

Akatokea kijana mmoja Mmasai, Saning'o, amekuja kunywesha ng'ombe lamboni. Akauliza kama na yeye anaweza kukimbia. Nikamwambia panga mstari. Alivua makubazi, akafunga shuka yake vizuri, akakimbia. Jamani! Sijawahi kuona kitu kile, si kabla wala baada. Hamisi alikuwa mkimbiaji kweli, lakini mzunguko wa mwisho Saning'o alimwacha mbali, akaukata uzi kwa kifua mbele ya pua yangu. Nikaandika jina lake kwenye daftari kwa furaha.

Katibu akanivuta kando. Akafungua fomu ya mkoa. "Hapa panataka jina la kijiji cha ujamaa kilichoandikishwa. Huyu kijiji chake kipi?"

"Mzee, ni mtu wa kuhamahama na mifugo."

"Basi nitaandika nini? Kijiji cha Ng'ombe?" Akatabasamu. "Michezo hii ni ya kuonyesha vijiji vyetu, Bwana Michezo. Mimi sina ubaya naye. Ni fomu tu."

Nikasema ndiyo mzee. Nikachukua kifutio, nikafuta jina la Saning'o, nikaandika la Hamisi. Hata hilo lingekuwa na nafuu kama ningemwambia kijana ukweli. Sikumwambia. Niliona haya kumweleza habari ya fomu mbele za watu, nikamwambia, "Hamisi amekutangulia kwa kifua. Ndivyo mwamuzi alivyoona." Mwamuzi nilikuwa mimi. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwa ng'ombe wake.

Juma lililofuata wakufunzi wa michezo tuliitwa Korogwe kwenye semina. Tuliambiwa atakuja mwalimu Mmarekani. Sisi tukamngoja Mzungu. Akaingia mtu mweusi kuliko mimi! Mwalimu Wesli, ndilo jina lake, alikuwa akifundisha sekondari. Kwa kuwa nilijua Kiingereza kidogo, niliwekwa kando yake nitafsiri.

Alikuja na picha za zamani, akazipitisha mkono kwa mkono. Akasema kwao, zamani za babu zake, waliotamba kwenye mashindano makubwa ya farasi walikuwa weusi, wengine wamezaliwa utumwani. Darasa likapiga makofi. Akasema ngojeni. Wapanda farasi weupe walipoona wanashindwa, wakaanza kuwabana weusi kwenye ua wa uwanja, wakiwachapa viboko katikati ya mbio, mpaka wenye farasi wakaogopa kuwaajiri. Wakaisha.

Makofi yakakoma. Akatuonyesha picha ya mpanda baiskeli mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia nzima. Bingwa wa dunia, lakini hotelini kwao ananyimwa chumba, ananyimwa hata chakula. Siku moja, mbio zimekwisha, mpinzani wake alimshusha akamkaba koo mpaka akazimia. Lahaula! Nilitafsiri maneno hayo. Mkufunzi mmoja wa Lushoto akasimama, akauliza, "Na polisi walikuwa wapi?" Mwalimu Wesli akainua mabega tu.

Halafu akaja kwenye besiboli, mchezo wao wa kupiga mpira kwa rungu. Weusi wachache walianza kucheza pamoja na weupe. Baadaye wakatolewa, mmoja mmoja, wakalazimika kuunda timu zao pembeni. Tukamuuliza ni sheria gani iliyowatoa. Akasema, "Wakubwa walielewana tu. Na kila palipofutwa jina, palikuwa na mtu mmoja mwenye daftari, mtu mwema, anayependa michezo. Ukimuuliza anakwambia, mimi sina ubaya naye."

Hapo nilinyamaza. Watu wote wakanitazama wanangoja tafsiri. Maneno ya Katibu yalikuwa yanatoka mdomoni mwa mtu aliyevuka bahari, ambaye hakuwahi kukanyaga Handeni! Mwalimu Wesli akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kibovu, "Mwalimu, mwenye daftari ni mimi." Hakunifariji. Aliniuliza swali moja tu, kama timu imeshaondoka. Nikasema bado siku mbili.

Sikungoja chai. Nilipanda basi mpaka Handeni, kesho yake alfajiri nikaazima baiskeli nikaenda Mazingara. Nilimkuta Saning'o lamboni. Nikamwambia yote, fomu, kifutio na uongo wangu. Alisikiliza ameegemea fimbo yake.

"Uzi ule," akasema, "nilifika nao nyumbani. Ulinasa kwenye shuka. Nikamwonyesha baba, nikamwambia nadhani nilishinda. Akaniuliza, mtu wa serikali amesemaje? Nikasema amesema nimeshindwa. Baba akaniita mwongo mbele ya wenzangu. Akasema nimeuokota." Akageukia ng'ombe wake. "Na mimi nikaanza kuamini nimeuokota."

Wallahi, nimezika wazazi wangu wote wawili, lakini sikumbuki maneno yaliyonichoma kama yale. Nilidhani nimemnyima safari ya Tanga. Kumbe nilimnyima macho yake mwenyewe.

Akanipeleka kwa baba yake. Nikakiri mbele ya mzee yule na vijana wake wote waliokuwepo. Mzee alinitazama kama vile mimi ni mgonjwa. "Wewe umesoma," akasema. "Umesoma, halafu unadanganya mtoto?" Kisha akamgeukia mwanawe, akamwekea mkono kichwani, akamwambia neno kwa lugha yao. Sikulijua neno lenyewe, lakini Saning'o aliinamisha uso na machozi yalimtoka.

Tukafuatana naye mpaka Handeni, akalala kwangu. Nilijaza fomu mpya. Kwenye safu ya kijiji niliandika nyumba yangu mwenyewe, mtaa niliokuwa nakaa. Kesho yake asubuhi lori la kwenda Tanga linanguruma, nikampa Katibu ile fomu. Akaisoma, sauti yake ile ile ya upole: "Bwana Michezo, unaugua? Orodha imeshapelekwa mkoani. Hamisi, panda gari."

Hamisi hakupanda. Alikuwa amesimama na kifurushi chake, anamtazama Saning'o. "Mzee," akamwambia Katibu, "mimi nilikuwa nyuma yake. Nilimwona mgongo mpaka uzi unakatika. Sisi sote tulimwona."

Nikapigwa na butwaa kwa mara nyingine. Sote! Uwanja mzima ulijua, na hakuna aliyefungua mdomo, kila mtu akimngoja mwenye daftari aseme. Nikamuuliza Hamisi mbona hukusema. Akaniambia, "Bwana Michezo, wewe ulishaandika."

Katibu akapiga kelele kwa mara ya kwanza tangu nimjue, lakini Hamisi alikaa chini kando ya lori akagoma. Lori likaondoka bila hao wawili. Mbio ndefu za Tanga mwaka ule, Handeni haikuwa na mtu. Saning'o alimpa Hamisi mkono, akanipa na mimi, akarudi kwa ng'ombe. Miezi michache baadaye ukame ukawapeleka kusini na mifugo, sikumwona tena.

Mimi nilirudishwa Korogwe, nikawekwa stoo kutunza nyavu na mipira, miaka mitatu. Baadaye nilirudishiwa filimbi, nikafundisha waamuzi wengi, na kila kozi niliianza kwa kuwasimulia habari za wapanda farasi wale na bingwa wa baiskeli. Wengine walilia. Wengine waliniambia, mzee, hayo ni mambo ya Marekani, sisi hapa ni ndugu. Hao ndio niliokuwa nawaweka mbele, niwaone vizuri, niwasimulie na ya Mazingara.

Sasa nimestaafu. Siku ya kuniaga, afisa utumishi, kijana mwenye adabu, alinisomea faili langu mbele ya wageni. Akasema kwa kucheka kwamba katika utumishi wangu wote nina barua moja tu ya onyo, basi nimekuwa mtumishi safi. Nikamwomba aisome hiyo barua kwa sauti. Akaisoma: nimeonywa kwa kuingiza kwenye fomu ya mashindano jina lisilostahili. Nikamwomba atafute nyingine, ya siku nilipolifuta jina hilo hilo. Akafunua karatasi moja moja, mpaka ya mwisho, akaniambia, "Mzee, hiyo haimo."