Uwanja wa Mama

Sijafungua hata sanduku moja katika nyumba hii niliyohamia. Asubuhi hii jirani amenyunyiza maji uwanjani kabla ya kufagia, na harufu ile ya vumbi bichi imenirudisha utotoni.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba yetu ilibaki peke yake kwenye mikorosho. Kila alfajiri Mama alichukua ufagio wake wa chelewa akarudi kule, kufagia uwanja usio na mtu. Mbele ya kibanda chetu kipya takataka zilirundikana. Nilikaa hapo nikimngoja, nikiogopa kwamba siku moja hatarudi.

“Mwache,” Baba aliniambia. “Bado anaaga.”

“Mpaka lini, Baba?”

Alichukua jembe lake akaenda shambani.

Siku korosho za kwanza zilipoanguka, niliamka mapema nikakuta mkeka wa Mama mtupu, na ufagio haupo. Leo ndiyo basi, nikajiambia. Nikatoka mbio, nusura nimkumbe mtu mlangoni.

Alikuwa Mama, ameinama na ufagio wake, kopo la maji pembeni, vumbi limelowa.

“We mtoto, pita kando,” alifoka. “Usinikanyagie uwanja wangu.”