Kilengeo Nilichokinyoosha

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Natengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma hapa Bariadi mjini, na wanaonijua watakuambia nina ugonjwa mmoja: sivumilii kitu kilichopinda. Nikikaribishwa chai kwa mtu, macho yangu yanakwenda kwenye fremu ya mlango kabla hayajaenda kwa mwenye nyumba. Mke wangu amenisema mpaka amechoka. Nalieleza hili mapema ili isidhaniwe kwamba nilichoifanyia bunduki ya baba nilikifanya kwa ubaya. Nilikifanya kwa ujuaji.

Baba anaishi Nkoma, na miaka yote ile fisi walikuwa wanatoka porini kuja kuokota ndama zizini kwetu kama mtu anayeokota kuni. Nilikuwa shule ya msingi alipokwenda Mwanza kununua bunduki. Haikuwa gobore la kushindilia baruti. Ilikuwa ya kiwandani, ya risasi ndogo, yenye kibali chake cha polisi, ila ndiyo iliyokuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani, na wahenga walishasema rahisi ghali.

Bunduki ya namna ile ina vilengeo viwili. Cha nyuma kina mwanya, kiko karibu na jicho. Cha mbele ni kinundu chembamba cha chuma kilichokaa juu ya mdomo wa mtutu. Unakiweka kinundu katikati ya mwanya, unaviweka vyote juu ya unachotaka kukipiga, unafyatua. Cha mbele cha bunduki yetu kilikaa kushoto tangu dukani, kwa hiyo ukilenga sawasawa risasi inakwenda kulia.

Mtu mwingine angeirudisha. Baba aliweka debe bovu juu ya kichuguu, akapoteza risasi tano, akaondoka na hesabu yake: hatua thelathini, lenga kushoto kiganja kizima, hatua sitini, viganja viwili. Nyumba nzima tuliijua hesabu hiyo. Baba akilalamika kwamba mboga haina chumvi, mama alikuwa anamwambia aonje kushoto viganja viwili. Tulicheka, naye alicheka, kwa sababu fisi walikuwa wanakufa kweli. Ikawa akiwa na ile bunduki mkononi hahesabu tena. Mkono wenyewe ulikuwa unasogea.

Mimi nilivyokua na kujua kazi ya chuma, kile kinundu kikaanza kunikera. Nilimwambia mara mbili au tatu anipe nikinyooshe, ni kazi ya dakika kumi. Alikataa.

"Iache, ng'wanone," aliniambia. "Mimi na hii tumeshazoeana."

Niliona ni ubishi wa wazee. Mwaka juzi, mwezi wa tano, alikuja mjini kuipeleka bunduki polisi kukaguliwa kama inavyotakiwa, akalala kwangu. Mchana, baada ya kula, alijinyoosha kwenye mkeka akapitiwa na usingizi. Bunduki ilikuwa imeegemezwa nyuma ya kabati, haina risasi. Niliichukua nikaenda nayo karakana, nikaibana kwenye jiliwa kwa kitambaa isichubuke, nikavuta uzi kutoka kilengeo cha nyuma mpaka mdomoni, nikakigonga kile kinundu taratibu kwa nyundo ndogo na kipande cha shaba. Kikasogea. Nikaangalia tena kwa uzi. Kilikaa katikati kabisa, na sitadanganya, nilijisikia vizuri sana. Nikairudisha nyuma ya kabati baba bado anakoroma.

Nilikusudia kumwambia jioni. Jioni alikuwa na furaha, anawasimulia wanangu habari za fisi, nikaona nikimwambia atanigombeza mbele ya mke wangu. Nikasema asubuhi. Asubuhi jirani yake aliyekuja mjini na pikipiki alimpitia kabla sijatoka kuoga. Baada ya hapo ilibaki simu, na kwenye kitochi chao mpokeaji siku zote alikuwa mama, ambaye alianza kwa habari za mvua na kumaliza kwa habari za shangazi, salio likakata. Nikawa najiambia kesho. Fisi walikuwa wamepungua, risasi baba alizitunza kama dawa, na kichwani mwangu nilishajipangia kwamba siku atakayopiga na kuona risasi inakwenda anakotaka, atashangaa, ndipo nitamwambia, na atanisifu. Mtu mzima na watoto wake, nilikuwa bado natafuta sifa kwa baba yangu.

Mwezi wa saba nilikwenda Nkoma siku ya Jumapili kuwasaidia pamba. Mama alikuwa amekaa kwenye mlango wa ghala anachambua, nyeupe huku na fifi, ile yenye madoa, kule, amejifunga kitenge chake cha kazi. Baba alikuwa uani anakaza mpini wa jembe. Saa nne hivi tukasikia yowe kutoka upande wa barabara, halafu filimbi za sungusungu, halafu watu wakipiga kelele kwamba kuna mbwa mwenye kichaa, amemng'ata ndama na amemkosakosa mtu. Walikuwa wanamwita baba, maana kitongoji kizima bunduki ilikuwa yake tu.

Aliingia ndani akatoka nayo. Mbwa alikuwa ameshatokea kwenye njia ya katikati ya mashamba, anakuja moja kwa moja kwetu, kichwa chini, mate yananing'inia, anayumba lakini hasimami. Hatua sitini au pungufu kidogo. Baba alipiga goti moja. Alikuwa mtulivu, na mimi nilikuwa nyuma ya bega lake karibu kiasi cha kumgusa.

Nikauona mtutu ukitulia kwenye kifua cha mbwa, kisha ukasogea kushoto. Viganja viwili.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Maneno yalikuwa machache tu: baba, piga katikati. Lakini kusema hivyo ilikuwa ni kusema pia kwamba nilishika bunduki yake akiwa amelala, na ulimi ukasita kama unavyosita kwa mtoto aliyevunja chungu. Ilikuwa pumzi moja. Bunduki ikalia.

Vumbi liliruka kushoto kwa mbwa. Akashtuka akakatia kulia, na kulia ndiko lilikokuwa ghala. Mama alikuwa amenyanyuka nusu, pamba imemjaa mapajani. Mbwa akamrukia miguuni. Baba alikimbia, mzee wa miaka sabini na kitu, akampiga risasi ya pili kwa karibu kabisa, ambako hata asiyeona hakosi. Mbwa akalala pale juu ya pamba nyeupe.

"Amekung'ata?" baba aliuliza. Alimwuliza mara tatu.

Mama alisema hapana, meno yameishia kwenye kitenge. Akatuonyesha palipochanika. Nilimwambia hata hivyo twende hospitali achomwe chanjo, kichaa cha mbwa si cha kuchezea. Alinijibu kwamba hawezi kwenda kusumbua watu kwa sababu ya kitenge. Nikakitazama kile kitenge, nikaridhika. Nakiri kwamba niliridhika haraka. Akili yangu yote ilikuwa kwa baba, aliyekuwa amekaa chini na bunduki mapajani, anaufumba mkono na kuufumbua mbele ya uso wake.

"Macho yamekwisha," alisema.

Hapo pia ningeweza kusema. Sikusema. Watu walikuwa wamejaa uani, na kijana mmoja alikuwa tayari anatania kwamba mzee siku hizi anawinda vumbi.

Wiki ya tano mdogo wangu anayekaa nao alipiga simu. Mama halali, mguu unamwasha, anasema unawaka moto, na tangu jana akipewa maji anayasukuma. Nilikwenda na gari la kukodi tukamleta Bariadi. Daktari alimpa kikombe cha maji, akaangalia jinsi koo lilivyokaza na mikono ilivyotetemeka, akatutazama mmoja mmoja, akauliza habari za mbwa. Kisha akakunja kitenge. Juu kidogo ya kifundo cha mguu kulikuwa na mkwaruzo mdogo uliokwisha kufunga, mweusi, urefu wa mbegu ya tikiti.

"Mayu," nilimwambia, "ulisema hakukufikia."

Alikuwa bado na akili zake wakati ule. Alisubiri baba atoke kwenda kuongea na daktari, ndipo akaniambia. Alihisi jino siku ileile. Aliosha kwa maji, akapaka majivu, na aliyemwuliza alimwambia ni mwiba. Alisikia wale vijana walivyokuwa wanacheka uani. Alijua akienda kuchomwa sindano kitongoji kizima kitasema mzee kamkosa mbwa mpaka mbwa akala mkewe.

"Baba yako ana nini kingine zaidi ya ile bunduki?" alisema. "Usimwambie niliyokwambia."

Alifariki siku ya tatu. Sitaeleza jinsi alivyofariki. Daktari alisema, bila kumlaumu mtu, kwamba sindano zingechomwa mapema, leo angekuwa anachambua pamba. Msibani mama mmoja aliyekaa na wapishi alisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na wenzake wakaitikia. Nilitamani kumfukuza uani. Lakini yeye hakuwa na kosa, methali ni ya watu wote, na ilikuwa inanifaa mimi kuliko marehemu.

Siri ya mama baba aliijua hata hivyo, maana mdogo wangu alikuwa mlangoni na hana kifua. Baba hakulia. Alikwenda polisi akairudisha bunduki pamoja na kibali. Ng'ombe akamkabidhi mdogo wangu. Akachukua fimbo, akaanza kutembea kama kipofu. Ukimsalimia anauliza ni nani, na unamwona kabisa kwamba anakuona. Chakula akawa anapapasa sahani. Aliamini ameua mke wake kwa macho mabovu, na kwa kuwa ameamini hivyo, macho yakamtii. Mimi nilimletea sukari, nikamlipia vibarua wa shamba, nikamwekea geti jipya lililonyooka kama rula. Kila nilipoingia na kutoka pale nilikuwa nalo neno moja mdomoni na kila mara nilirudi nalo mjini.

Mwaka huu walikuja madaktari wa macho kupima watu bure, wakapiga kambi kwenye viwanja vya shule. Nilimpeleka. Nilimshika mkono kwenye foleni kama anavyoshikwa mtoto. Alisomeshwa herufi, akamulikwa, akasomeshwa tena. Yule daktari, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alicheka.

"Mzee, macho yako ni mazima. Kwa umri wako nakuonea wivu. Miwani ya kusomea tu, basi."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi nje ya darasa. Baba aliitazama barabara, na nilijua anaona kila kitu kinachopita. Kisha aliniuliza kwa upole tu, kama mtu anayemwuliza fundi.

"Kama macho ni mazima, yule mbwa nilimkosaje?"

Nikamwambia. Nilimweleza yote, kuanzia usingizi wake kwenye mkeka, uzi, nyundo, mpaka pale nilipofungua mdomo nyuma ya bega lake. Sikuongeza sababu. Nilipomaliza aliuliza jambo moja.

"Ulikisogeza mpaka wapi?"

"Mpaka katikati."

Alinyanyua mikono akakamata bunduki isiyokuwepo, akalifumba jicho moja. Akalenga kule barabarani, na mikono ikasogea yenyewe kushoto. Akaiacha pale, haitetemeki hata kidogo, kisha akaishusha mapajani.

"Mama yako alikufa anaificha aibu yangu," alisema. "Kumbe alikuwa anaificha ya kwako."

Nikamjibu, "Ndiyo, baba."