Bafle ya Kushoto Ilikuwa ya Mama

Enzi zetu, na ninyi mliokulia Kimanga, huku kwetu kando ya ziwa, mnajua, bafle, yaani maboksi ya spika, hazikununuliwa zikiwa tayari. Zilipigwa misumari nyumbani. Baba alitengeneza zetu mbili kwa mbao za makasha ya sabuni, akaziba nyufa kwa gundi na unga wa mbao, na kwa miezi sebule yetu ilinuka sabuni na ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokauka uani. Chini aliweka spika kubwa ya mvumo mzito. Juu aliweka twita, ile spika ndogo inayotoa sauti nyembamba. Umeme ukikatika, na ulikatika kila mara, tulitumia betri ya gari.

Watoto wa leo watacheka. Wao wana vispika vya kuunganisha na simu, vyenye taa za rangi, vinapiga kelele mpaka maji yanatikisika kwenye ndoo, na hawajui kama anayeimba ni mtu au ni mbuzi. Sisi tulijua kusikiliza. Jumapili baada ya misa tulikula bugali na ndagala, tukanawa mikono, kisha Baba akaweka kiti chake katikati ya bafle mbili na kupiga kaseti moja tu.

Ilikuwa kaseti ya kwaya ya parokia. Aliyeirekodi aliweka mikro mbili za kunasia sauti, moja kwa wanawake na nyingine kwa wanaume, hivyo wanawake walitokea bafle ya kushoto na wanaume ya kulia. Baba alikuwa huko kulia, kwenye besi. Ubeti wa pili Mama aliimba peke yake. Alifariki nilipokuwa na miaka saba, na hatukuwa na sauti yake mahali pengine popote.

Nilipofika miaka kumi, twita ya kushoto ilianza kukwaruza. Baba alipata nyingine kutoka Bujumbura, akaiacha imefungwa kwenye gazeti, akasema ataibadilisha akirudi kutoka Lemera, alikokwenda kuleta maharage. Mimi nikaona nimfurahishe. Nilikuwa nimemtazama mara nyingi. Nikafungua skrubu, nikakata nyaya, nikazisokota kwenye twita mpya kwa vidole. Nyuma ya ile ya zamani kulikuwa na kidude kama punje ya karanga. Nikadhani ni takataka, nikakitupa. Twita yenyewe ya zamani nikaivunja kwa jiwe, maana watoto wote wa ziwani tulitaka kitu kimoja ndani ya spika mbovu: sumaku. Mchana kutwa tuliiburuta kwa kamba kwenye mchanga wa ufukwe, ikarudi imeota ndevu nyeusi za chuma. Nilifurahi sana siku ile, na hilo ndilo linaloniuma.

Kile kidude, ambacho mafundi hukiita kondansateri, ndicho kilichozuia mvumo mzito usiingie kwenye twita. Jumapili Baba alipandisha sauti kidogo. Mama alifika katikati ya ubeti wake, ikasikika tsii, harufu ya kuungua ikatoka, na Mama akazimika. Kilichobaki kushoto kilikuwa kama mtu anayesemea ndani ya blanketi.

Nilingoja kipigo. Baba aliinuka akaleta bisibisi, akafungua bafle ya kulia, akatoa twita yake pamoja na kondansateri yake, akaihamishia kushoto. Nilimuuliza upande wake sasa utakuwaje.

"Minye niliimbaka besi," akasema. "Besi haiombake twita. Weye usilie."

Haikuwa kweli. Besi bila twita hubaki mngurumo tu, maneno hayasikiki. Tundu la kulia aliliziba kwa kipande cha kitenge cha Mama, akasema atatafuta nyingine. Ikaja minervali, ile ada yetu ya shule, ikaja vita, yakaja mafuriko, na kitenge kikabaki pale.

Baba tulimzika mwaka jana. Baada ya matanga ndugu walitaka bafle zitupwe. Nilikataa. Nilinunua twita sokoni, na kondansateri yake, nikaichomelea vizuri kwenye bafle ya kulia. Kisha nikakaa kwenye kiti chake, katikati.

Mama akaanza ubeti wa pili. Wanaume walitakiwa kunyamaza hapo, na utotoni masikio yetu yote yalikuwa kushoto. Sasa kulia nikasikia sauti moja iliyokataa kunyamaza. Ilikuwa ya Baba. Alikuwa akimfuata Mama chini chini, neno kwa neno, mpaka mwisho wa ubeti. Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Miaka ile yote, tangu aitoe twita ya upande wake, alikaa kwenye kiti hiki akimsikiliza mkewe akiimba peke yake.

Mpwa wangu amenihamishia kaseti ile kwenye simu. Sauti ni safi, naye anajisifu. Ila wote wanatokea tundu moja, wanaume na wanawake, wala hujui nani alisimama upande gani. Nilimshukuru. Sikumweleza kwa nini bafle zile bado ziko sebuleni kwangu.

Na ile sumaku ya twita ya Mama niliipoteza mchangani jioni ya siku ileile niliyoivunja.